Makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, Kigali: nilikwenda na mama

Mwaka 1994 nyumbani kwetu Bukoba hatukula samaki. Nilikuwa na miaka 10. Sato na sangara tuliozoea kuwala karibu kila siku walitoweka mezani, na nilipouliza, mama alijibu, "Mwaka huu tunakula maharage." Baba mdogo, mvuvi tangu ujana wake, alizitundika nyavu ukutani zikakaa hapo miezi. Watu wazima walizungumza kwa Kihaya cha chini chini na kunyamaza sisi watoto tulipokaribia. Neno moja tu lilikuwa likinifikia sikioni: Kagera. Walikuwa wakisema mto, si mkoa.

Juni iliyopita tulikwenda Kigali kumwona binamu yangu aliyekuwa amejifungua. Mama ana miaka 72 na magoti yanamsumbua, lakini kabla hata hatujapanda basi alikwisha kuniambia: "Tukifika huko unipeleke nikawaone wale watu." Sikumuuliza watu gani.

Tulilala Ngara kwa ndugu, asubuhi tukafika Rusumo. Hapo magari yanahama kutoka kushoto kwenda kulia, na saa inarudi nyuma: saa tatu yetu ni saa mbili yao. Siku hizi pana mtambo wa umeme wa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini mto ni ule ule, maji yake mekundu ya udongo. Mama aliomba tusimame. Aliyatazama maji kitambo, akajifunga khanga upya kiunoni, akasema twende.

Hapo Rusumo, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliingia Tanzania ndani ya saa 24. Benaco, ambayo ilikuwa pori, ikawa mji wa maturubai. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni kwa sababu shuleni tulichangishwa nguo. Nilichokuwa sikijui, na nimekijua Gisozi nikiwa mtu mzima mwenye watoto, ni kwamba watu wa darajani na watu wa mtoni hawakuwa wale wale. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimewachanganya kichwani, nikiwaita wote "Wanyarwanda waliopata shida".

Sasa niwaeleze tulivyokwenda, maana kuna jambo la usafiri ningependa mtu asirudie. Tulikuwa tumeelewana na dereva wa kampuni moja ya kutembeza wageni. Akatupangia Gisozi saa moja, soko la vinyago saa moja, kisha chakula cha mchana. Nilimwambia, kaka, saa moja haitoshi na mama yangu anatembea polepole. Akashikilia kwamba wageni wote hutumia saa moja. Tukaachana naye, tukachukua teksi ya kawaida. Kutoka katikati ya mji si mbali, unashuka bondeni na kupanda kilima cha pili, na ukiwa peke yako moto ndiyo njia ya haraka. (Moto ni pikipiki za abiria, tunazoziita bodaboda. Utapewa kofia, uivae.) Tuliingia asubuhi saa tatu, tukatoka saa nane mchana, na bado sikumaliza kusoma kila kitu. Anayekupangia saa moja Gisozi hakutakii mema.

Kuingia ni bure. Getini mnakaguliwa mifuko, kisha mnaelekezwa. Ukitaka kifaa cha maelezo cha kuvaa masikioni unakilipia, na maua ya kuweka makaburini yanauzwa hapo hapo. Tulichukua maua mawili. Picha za nje zinaruhusiwa, za ndani zinahitaji kibali, na kwa kweli sijui mtu angetaka kupiga picha ya nini kule ndani. Vaa nguo za heshima kama unayekwenda msibani, maana msibani ndiko unakokwenda.

Kwanza unaonyeshwa filamu fupi. Walionusurika wanazungumza kwa utulivu mpaka unatamani mmoja wao apige kelele. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namnong'oneza. Kijana mmoja wa pale akatusikia, akaja na Kiswahili chake kizuri: "Karibuni, mama. Mkichoka, viti vipo. Msione haya kupumzika." Akatembea nasi sehemu kubwa ya njia. Maandishi ya kutani ni ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na ninatamani siku moja mzee wa Kagera aweze kusimama mbele ya maandishi yale ayasome mwenyewe, kwa kasi yake, bila kusubiri mtoto wake amtafsirie.

Maonyesho yenyewe yako ndani ya jengo, na yamepangwa kama njia ya kuzunguka. Unaanza na Rwanda ya kabla ya wakoloni, unaingia kwa Wajerumani, kisha Wabelgiji. Hapo ndipo palipoanza kuniuma. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliwahesabu watu na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Karatasi ya serikali. Miaka 60 baadaye karatasi hiyo hiyo ilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyeandikwa Mtutsi hakupita. Mama aliniuliza kama na sisi tuliwahi kuandikwa kabila kwenye vitambulisho. Nilimwambia kadi yangu ya taifa haina kabila. Akasema, "Afadhali," na hakuongeza.

Kisha unafika miaka ya karibu, na hapo Mtanzania anajikuta anaona majina ya kwao. Makubaliano ya amani kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF, wengi wao Watutsi, yalitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda iliyotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ilikuwa ikitoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa kanda, na ndani yake alikuwamo pia Rais Ntaryamira wa Burundi. Mama alisimama.

"Walikuwa wanatoka kwetu?"

"Ndiyo, mama. Walikuwa Dar."

Akatikisa kichwa. Nadhani alikuwa anakihesabu chakula cha mwisho walichokula, mama yangu ndivyo alivyo, msiba wowote huuliza marehemu alikuwa amekula nini.

Kesho yake asubuhi, tarehe 7, aliuawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, na askari 10 wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliopelekwa kumlinda wakauawa pia. Kuanzia hapo ni siku 100 za mauaji. Kijana wetu alituambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kwamba Januari ile, miezi mitatu kabla, Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa pale Kigali, alikuwa ameandika kwa wakubwa wake New York kuhusu silaha zilizofichwa na mpango wa kuua Watutsi, akaomba ruhusa ya kuzikamata. Akakataliwa. Nilibaki hapo muda mrefu. Nimefanya kazi ofisini miaka 15, najua barua inavyoweza kulala mezani. Sikujua kwamba inaweza kulala juu ya watu wengi kiasi hicho.

Redio nayo ina mahali pake. RTLM ilikuwa ikipiga muziki mzuri, vijana wakiipenda, na katikati ya muziki inawaita watu mende na kutaja nani amejificha wapi. Mama alikumbuka kwamba na sisi redio ilikuwa ndiyo kila kitu wakati ule. Baba alikuwa na moja ya mbao, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Sitaeleza kila chumba. Kuna chumba cha mafuvu na mifupa nyuma ya vioo, kuna chumba cha nguo. Kuna chumba cha picha za familia, mamia kwa mamia, zimening'inizwa kama mtu anavyoanika picha zikauke: harusi, ubatizo, kijana anayejaribu miwani ya rafiki yake, msichana aliyeegemea gari ambalo bila shaka halikuwa lake. Picha ambazo kila mmoja wetu anazo kwenye albamu nyumbani. Hapo ndipo mama alipoketi kwanza. Hakulia. Alizitazama kama anayetafuta mtu.

Nilichokipenda ni kwamba wameweka pia habari za waliookoa. Kijana wetu alituhadithia Zura Karuhimbi, mama mzee wa kijijini aliyejulikana kama mganga. Wauaji walipofika kwake aliwatishia kwamba mizimu itawamaliza wakivuka kizingiti, nao wakaogopa, na nyumba yake ndogo ikaokoa watu zaidi ya 100. Mama alisema, "Huyo ndiye mganga." Alirudia kulisema jina hilo tukiwa kwenye basi la kurudi, na nyumbani amekwisha kumsimulia kila jirani.

Kuna madirisha mawili ya vioo vya rangi yaliyotengenezwa na Ardyn Halter, ambaye baba yake alinusurika Auschwitz. Mwanga wake ulinipa pumzi, nilikaa hapo nikisubiri mapigo ya moyo yatulie.

Juu kuna sehemu ya mauaji ya kimbari ya nchi nyingine: Waarmenia, Wayahudi, Wakambodia, watu wa Bosnia, na Waherero na Wanama wa Namibia waliouawa na Wajerumani kuanzia 1904. Hii ya mwisho isomeni vizuri. Ni Wajerumani wale wale ambao mwaka uliofuata waliingia kwenye vita vya Maji Maji na kuchoma mashamba ya babu zetu kusini mpaka njaa ikamaliza kazi. Tunajifunza historia hizi kama vipande, na pale zilikaa pamoja mbele ya macho yangu.

Kisha kuna chumba cha watoto.

Niliwahi kusikia habari zake, nikadhani nimejiandaa. Ni picha kubwa za watoto, moja moja, na chini ya kila picha mistari michache: umri, chakula alichokipenda, rafiki yake, mchezo wake, na mwisho wa mistari, jinsi alivyouawa. Basi. Hakuna maelezo zaidi. Mtoto anapenda chipsi, mwingine anapenda kucheza na dada yake, mwingine bado ananyonya. Niliweza picha tatu. Ya nne nilisoma mstari wa mwisho nikatoka nje, nikasimama kwenye korido nimeshika ukuta. Mwanangu wa pili ana umri ule.

Mama alibaki ndani. Alizunguka picha zote, peke yake, bila mtafsiri. Alipotoka aliniambia kwamba kwenye maandishi ya mmoja alilitambua neno la Kinyarwanda, amata, maana kwa Kihaya linakaribiana nalo kabisa. Maziwa. "Alikuwa anapenda maziwa," mama alisema, kama anayenieleza habari za mjukuu wa jirani.

Ushauri wangu kwa wazazi ni kwamba mtoto mdogo asiingie chumba hicho. Wa sekondari aingie, lakini mkae naye jioni hiyo, msimwache na simu yake.

Nje kuna bustani na makaburi. Ni mabamba mapana ya zege, yamepangwa kwa ngazi upande wa kilima, na ukisimama juu yake unauona mji wa Kigali ng'ambo, majengo yake mapya yaking'aa. Chini ya mabamba wamelazwa watu zaidi ya 250,000. Nilijaribu kuielewa namba hiyo kwa kitu ninachokijua: Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Ujaze, uutoe, uujaze tena, mara nne, na bado wapo walio nje getini. Na hawa ni wa Gisozi tu. Mahali pa kumbukumbu palifunguliwa Aprili 2004, mwaka wa kumi, na miaka yote mabaki yanapopatikana mahali fulani mjini, kwenye ujenzi au baada ya mtu kukiri, huletwa kuzikwa kwa heshima. Kuna ukuta wa majina ambao haujakamilika. Familia nyingine ziliisha zote, hakuna aliyebaki wa kutaja jina.

Mwenge wa kumbukumbu ulikuwa unawaka. Huwashwa kila tarehe 7 Aprili na kuwaka siku 100. Mama aliweka ua lake, akapiga ishara ya msalaba, kisha akamgeukia kijana wetu na kumuuliza swali ambalo nadhani ndilo lililomtoa Bukoba.

"Mwanangu, na wale wa mtoni wako wapi?"

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akamweleza, pole pole, na mimi nikasikiliza. Novemba 1992, pale Kabaya, mwanasiasa aitwaye Léon Mugesera alihutubia mkutano akisema Watutsi asili yao ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa kwao kwa njia ya mkato, mto Nyabarongo. Mwaka 1994 hotuba ikawa vitendo. Nyabarongo inaingia Akagera, Akagera inapita Rusumo, inazunguka mpaka wetu na kuingia Ziwa Victoria. Mugesera alikimbilia Canada, akarudishwa Rwanda mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

"Walikuja kwetu," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Walifika kwenu."

Hapo ndipo fundo langu la utotoni lilipofunguka. Wale wa mtoni walikuwa Watutsi, majirani waliotupwa. Wengi wa waliovuka daraja mwisho wa Aprili walikuwa Wahutu wakiikimbia RPF iliyokuwa inasonga mbele. Ndani yao wapo wazee na watoto wasiojua lolote, na ndani yao wapo pia waliokuwa wamenawa mikono siku ile ile. Nguo zangu za shule ya msingi sijui zilimfikia nani. Sijutii kuzitoa. Ila nimekaa miaka 30 nikiwa nimeshika nusu ya habari, na mto unapita nyumbani kwetu. Nilisoma Arusha miaka miwili, nikipita mbele ya jengo la mikutano la AICC karibu kila siku, na wakati huo mahakama ya kimataifa ilikuwa ndani inasikiliza kesi hizi. Hukumu ya kwanza kabisa ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa, ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, ilisomwa pale tarehe 2 Septemba 1998. Nilikuwa napita hapo na vitabu vyangu nikiwahi daladala.

Kwa hiyo huduma ya Gisozi ninaisifu bila kusita: usafi, utulivu, vijana wanaokuongoza bila kukuharakisha, uhuru wa kukaa. Kuna mgahawa pale pale, tulikunywa chai, mama akaitia sukari nyingi, na tukakaa tu. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika Gisozi katika Urithi wa Dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Kama una siku ya pili, Nyamata iko Bugesera kusini mwa Kigali, ni kanisa, na njiani utavuka Nyabarongo kwa macho yako. Sisi hatukwenda. Mama alisema amepata alichokifuata. Angalieni pia tarehe: Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni Umuganda, watu wote wako kwenye kazi za jamii na shughuli zinasimama mpaka mchana.

Jioni kwa binamu walikuwa wamepika ndizi na samaki kwa heshima ya mgeni. Mama alikula ndizi. Mtoto mchanga alikuwa mapajani kwake wakati wote, na alipolia njaa mama ndiye aliyesema, mpeni maziwa huyu.

Kijana wa Gisozi alikuwa amemwandikia kwenye karatasi mahali pengine: Kasensero, upande wa Uganda, Kagera inapoingia ziwani. Wanavijiji wa kule waliopoa miili majini wakaizika, na leo kuna makaburi ya kumbukumbu hapo, na mengine Lambu na Ggolo, yote pamoja yamelaza watu zaidi ya 10,000. Kutoka kwetu ni kupita Mutukula, na safari ya kwenda na kurudi haizidi siku mbili. Karatasi iko ndani ya Biblia ya mama. Ameniambia tusubiri mvua zikatike, kisha twende, na safari hii tumchukue na baba mdogo.